Prosesa ina vekta za biti 512, kwa nini kompaila inang'ang'ania 256?

#1 MtotoWaShangani

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, hapa Shangani. Nina swali limeninyima usingizi siku ya nne leo.

Kuna kikundi cha akina mama wabanguaji nakisaidia. Wakishabangua korosho na kumenya ngozi, zinatandazwa kwenye sinia nyeusi, mtu anapiga picha kwa juu, programu yangu inahesabu: nzima ngapi, vipande vingapi, zilizoungua ngapi. Nimeiandika kwa C. Hatua ya kwanza ni kusawazisha mwanga, maana sinia la dirishani na sinia la ukutani hayafanani hata kidogo. Lupu yenyewe, yaani sehemu inayojirudia kwa kila nukta, ni mstari mmoja:

for (i = 0; i < n; i++) c[i] = a[i] * k + b[i];

Zote ni float, namba za desimali za biti 32. Picha ni 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12.

Mwezi uliopita nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, ina prosesa ya Intel, Xeon Silver 4114. Nilichoifuatia hasa ni AVX-512, amri za vekta za biti 512, kwamba rejista moja (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) inabeba float 16 kwa mkupuo. Nimekompaili kwa GCC, yaani kugeuza msimbo kuwa amri za mashine, kwa -O3 -march=native (boresha sana, kwa mashine hii hii), nikafungua asembli, orodha ya amri zenyewe. Natafuta zmm, rejista za biti 512, sioni hata moja. Zimejaa ymm tupu, biti 256, float 8. Nikaenda kompaila nyingine, Clang, ymm vilevile. Na kwenye /proc/cpuinfo neno avx512f lipo, nimeliona kwa macho yangu.

Nani kaiambia kompaila itumie nusu ya mashine niliyoilipia?

#2 FundiWaChuno

Karibu jirani. Hiyo si hitilafu, ni makusudi kabisa.

Prosesa yako ni ya kizazi cha Skylake ya seva, 2017. Zile zina ngazi tatu za kasi. Ukifanya kazi za kawaida unapata kasi yote. Ukiingiza kazi nzito za biti 256 au nyepesi za 512, inashuka ngazi moja. Ukiingiza kuzidisha kwa desimali kwa biti 512, inashuka ngazi mbili. Na haipandi papo hapo lupu inapoisha, inabaki chini kwa muda, hivyo hata msimbo wako wa kawaida unaofuata unaburuzwa.

Walioandika kompaila waliliona hilo. Tangu GCC 8 ya 2018 kuna swichi -mprefer-vector-width, na kwa Skylake ya seva chaguo lake la kawaida ni 256. Clang ikafuata mkondo huo kwenye toleo la 10, mwaka 2020. Ukitaka zmm kwa nguvu, andika -mprefer-vector-width=512, utaziona.

#3 MtotoWaShangani

Asante kaka. Nimeandika, zmm zimetokea kweli. Ila muda haukupungua hata kidogo. Nimerudia mara 50, ukichukua wa katikati, umepanda kidogo juu ya ule wa 256. Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya jana.

#4 MwalimuNewala

Nimesoma maelezo ya #2. Kushuka kwa kasi ni kweli, lakini kwa mashine hii mimi ningeanza kwingine.

Skylake ya seva ina milango miwili ya kuzidisha desimali kwa biti 256, tuite 0 na 1. Ukileta amri ya biti 512, milango hiyo miwili inaungana inakuwa mmoja. Prosesa za bei ya juu zina kitengo cha pili cha biti 512 kwenye mlango wa 5. Silver haina. Kwa hiyo piga hesabu: kwa 256 unazidisha float 8 mara milango 2, ni 16 kwa pigo moja la saa ya prosesa. Kwa 512 unazidisha float 16 mara mlango 1, ni 16 kwa pigo. Ni kama kubeba ndoo mbili za lita kumi au dumu moja la lita ishirini, maji ni yale yale.

Xeon Gold wote wana vitengo viwili, huko ungeona tofauti.

#5 KusiLaLindi

Nyie watu wa Mtwara, mnanunua Fuso la tani kumi kwenda kuchota maji bombani.

Tukirudi kwenye swali. Mnaizungumzia kompaila kama mtu aliyekaa na mashine akaipima. Kompaila haipimi kitu. Ina jedwali la gharama: kuzidisha ni kiasi fulani, kusoma kumbukumbu kiasi fulani, kuchanganya vipande ndani ya rejista kiasi fulani. Inachukua lupu, inajaribu kichwani upana mmoja baada ya mwingine: kipande kimoja, 4, 8, 16. Kila upana unapewa gharama, gharama inagawanywa kwa idadi ya vipande, na wenye gharama ndogo kwa kipande ndio unaoshinda. Ndivyo inavyokwenda kwa LLVM (injini ya Clang) na kwa GCC, wakitofautiana kwenye undani.

Upendeleo wa 256 anaousema FundiWaChuno ni dari iliyowekwa juu ya hesabu hiyo. 512 haikushindana ikashindwa, haikuruhusiwa kuingia uwanjani. Ndiyo maana kuisoma asembli peke yake hakukwambii ni lipi limetokea. Weka -fopt-info-vec kwa GCC au -Rpass=loop-vectorize kwa Clang, itakutajia upana iliouchagua na mstari wenyewe.

#6 KijanaMasasi

Mwalimu #4, shikamoo. Sahihisho dogo tu: si Gold zote. Gold za namba 6100 zina vitengo viwili, ila nyingi za 5100 zina kimoja kama Silver. Nasema kwa kuwa kuna mtu atasoma hapa aende kununua.

#7 MwalimuNewala

Marahaba. Uko sahihi, nilijumlisha. Asante.

#8 DadaWaMzani

Habari zenu. Mimi niko Tandahimba, naandika programu ndogo ya kujumlisha mizani ghalani. Mnagombania 256 na 512, yangu haikuingia kwenye vekta kabisa! Lupu ni jumla += kilo[i]; tu, kilo ni float. Nimeweka -fopt-info-vec-missed kama alivyogusia KusiLaLindi, inalalamikia mpangilio wa kujumlisha. Mbona hii ndiyo lupu nyepesi kuliko zote?

#9 KusiLaLindi

Dada, hiyo kompaila inakulinda. Desimali za kompyuta ukibadili mpangilio wa kujumlisha, jibu linabadilika. Ukitumia vekta ya vipande 8 unakuwa na jumla ndogo 8 zinazokwenda sambamba, mwisho zinaunganishwa. Huo si mpangilio ulioandika wewe, na sheria za C haziiruhusu kukubadilishia bila idhini yako.

Jaribu hivi: anza na float yenye 16,777,216 kisha ongeza 1. Inabaki 16,777,216. Ongeza 1 mara elfu, bado iko palepale, maana float ya biti 32 ina tarakimu 24 tu za msingi wa mbili. Lakini hizo 1 elfu ukizijumlisha pembeni kwanza halafu ukaziongeza kwa pamoja, zinahesabiwa.

Ukiweka -ffast-math, yaani ukiiruhusu kubadili mpangilio, itakubali kuweka vekta.

#10 DadaWaMzani

Kwa hiyo jibu la vipande 8 na jibu la vipande 16 linaweza kutofautiana kwenye data ile ile?

#11 KusiLaLindi

Linaweza.

#12 DadaWaMzani

Basi sitaki. Mkulima anasimama mbele yangu na karatasi yake ya mzani mkononi. Nikikompaili ofisini nikapata jumla moja, nikakompaili kwenye mashine nyingine nikapata nyingine, hata kama ni gramu 200, nitamweleza nini? Aseme kilo zake zimeliwa na mzani? Watu wameshaumizwa na mizani vya kutosha.

#13 MwalimuNewala

Dada umesema jambo zito, na dawa yake ni nyepesi. Usihifadhi kilo kwa desimali, hifadhi gramu kwa namba kamili za biti 64. Kujumlisha namba kamili hakujali mpangilio, kompaila itaweka vekta bila kuombwa. Kwenye biti 256 zinaingia 4 tu badala ya 8, lakini jibu ni lile lile kwa upana wowote, kwenye mashine yoyote. Kwa fedha za watu fanya hivyo siku zote.

#14 DadaWaMzani

Nimebadilisha sasa hivi. "loop vectorized using 32 byte vectors". Baiti 32, yaani 256. Nashukuru sana Mwalimu.

#15 PwezaWaFerry

Narudi kwa mwenye uzi. Hiyo mashine yako ina vijiti vingapi vya RAM?

#16 MtotoWaShangani

Kimoja, cha GB 16. Inahusiana?

#17 PwezaWaFerry

Inahusiana kuliko yote yaliyosemwa hapo juu. Twende taratibu.

Nukta milioni 12 mara baiti 4 ni MB 48. Una safu tatu, a, b na c, jumla MB 144. Kabla ya kuandika c, prosesa huwa inavuta kwanza mistari ya c kutoka RAM, ongeza MB 48 nyingine, tunafika 192. Kashe kubwa ya 4114, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ni MB 13.75. Kwa hiyo picha haikai kwenye kashe, kila nukta inatoka RAM na kurudi RAM.

Mashine yako ina njia sita za RAM. Ya DDR4-2400 kila njia inapitisha GB 19.2 kwa sekunde ikijitahidi mwisho wa uwezo wake. Wewe umefungua njia moja kati ya sita. MB 192 kwa GB 19.2 ni milisekunde 10.

Sasa upande wa kuhesabu. Nukta milioni 12 kwa 8 ni mizunguko milioni 1.5 ya ymm. Prosesa inaweza kusoma mara mbili na kuandika mara moja kwa pigo moja, kwa hiyo tuseme mzunguko mmoja kwa pigo. Kwa GHz 2.2 hiyo ni milisekunde 0.7.

Kuhesabu 0.7, kusubiri RAM 10. Ukienda zmm, 0.7 inaweza kushuka hadi karibu 0.35, na 10 inabaki 10. Wabanguaji ni hodari, lakini gunia linaletwa na mkokoteni mmoja. Ukiongeza wabanguaji watakaa wanasubiri.

Hili kompaila haiangalii hata kidogo. Haijui una kijiti kimoja au sita.

#18 MtotoWaShangani

Nimepima upya. Lupu hiyo inachukua milisekunde 13 na ushei. Mkuu PwezaWaFerry, umenipiga palepale.

#19 FundiWaChuno

Hesabu ya #17 naikubali kwa lupu hii. Lakini haijibu swali la kichwa cha uzi. Swali ni kwa nini kompaila ilichagua 256, na kompaila haikujua habari za RAM, umesema mwenyewe. Sababu ya kompaila ni kasi kushuka. Sababu ya zmm kutosaidia ni RAM. Ni mambo mawili.

#20 PwezaWaFerry

Haya, hapo nimekupata.

#21 JahaziLaMikindani

Wenye hamu ya -march=native nawapa kisa. Msimu uliopita nilikompaili programu yangu hapa nyumbani Mikindani, kwenye mashine mpya, nikaiweka kwenye flashi, nikapanda basi. Nafika ghalani, pale kuna laptop ya Celeron. Naifungua mbele ya watu kumi na tano: Illegal instruction (core dumped). Naifungua tena, vilevile. Walidhani nimeleta virusi. Nikarudi siku hiyo hiyo, kilomita zote zile, mikono mitupu.

Celeron na Pentium za miaka mingi zilitoka bila AVX (amri zinazotumia ymm), hata zile za kizazi kimoja na Core zenye AVX2. Msimbo wangu ulikuwa na ymm kila kona. Native maana yake ni mashine hii hii unayokompaili, wala haijui kuna nyingine duniani. Usipoandika -march yoyote, kompaila inachukua msingi wa x86-64 wa kawaida, ambao ni SSE2, biti 128. Ndiyo maana wengi hata ymm hawajawahi kuiona.

Sasa nafanya hivi, juu ya kila kazi nzito:

__attribute__((target_clones("avx512f","avx2","default")))

GCC inatengeneza nakala tatu za kazi hiyo ndani ya faili moja, na programu ikianza inachagua inayofaa mashine iliyopo. Faili linanenepa kidogo. Nanenepesha kwa moyo mweupe.

#22 MtotoWaShangani

Pole sana aisee. Hii naichukua, maana akina mama nao wana laptop yao ya zamani na sikuwa nimeifikiria.

#23 Ming'oko

Nilikuwa nakula ming'oko nasoma kimya, sasa nachangia. Mimi nina Ryzen ya AMD ya kizazi cha kwanza, 2017. Nimechukua lupu ya #1, GCC, -march=native. Nimepata xmm. Biti 128! Prosesa inasema ina AVX2. Kuna kasi gani inashuka hapa?

#24 KijanaMasasi

Hakuna kasi inayoshuka hapo. Zen ya kwanza, iliyo ndani ya Ryzen yako, inapokea amri ya biti 256 lakini ndani inaikata vipande viwili vya 128. Kwa hiyo waliotunga GCC kwa znver1 (jina la Zen hiyo kwenye kompaila) wakaona 256 haina faida ya maana, wakaweka 128 kama upendeleo. Hii inampa nguvu Mwalimu #4: kinachoangaliwa ni upana wa mabomba ya ndani, jina la amri halisemi kitu.

Na ming'oko unakula peke yako?

#25 Ming'oko

Njoo Masasi stendi, nipo na chumvi na pilipili.

#26 KusiLaLindi

KijanaMasasi, ila usijenge nyumba nzima juu ya Zen 1. Zen 4 ya 2022 nayo inakata amri nyingi za 512 vipande viwili vya 256, na bado watu wanapata faida kwa 512: amri ni nusu, upande wa kusoma na kufasiri amri unapumua, halafu kuna rejista 32 na vinyago vya kuzima vipande visivyotakiwa. Kwa hiyo bomba la ndani si mwisho wa habari.

#27 MwalimuNewala

Kweli. Na kwa Zen 5 ya 2024, za mezani na za seva, kuna mabomba kamili ya 512.

#28 BintiNachingwea

Nimewasoma wote, hakuna aliyegusa aina ya data, na mimi ndiyo imenitesa. Picha ya kamera haiji na float, inakuja na baiti, uint8_t. Mwenye uzi lazima anazigeuza mahali fulani.

Nina lupu inayosoma baiti, inazijumlisha kwenye namba za biti 32. Kwa 256, baiti zinaingia 32, lakini namba za biti 32 zinaingia 8. Upana upi ufuatwe? Clang kwa desturi inafuata aina iliyo pana zaidi kwenye lupu, inachagua vipande 8. Kwa hiyo upande wa baiti unasoma baiti 8 tu wakati rejista ina nafasi ya 32. GCC inakwenda kinyume: inafuata aina iliyo ndogo, inasoma baiti 32 kwa mkupuo, halafu inazitawanya kwenye rejista nne za biti 32. Lupu moja, mashine moja, kompaila mbili, na kila moja imejibu kwa haki yake. Kwenye laptop yangu GCC iliongoza kwenye lupu ile, nikashangilia, wiki iliyofuata kwenye lupu nyingine ikaachwa nyuma kwa sababu ile ile: kutawanya nako kuna gharama, na rejista ziliisha ikaanza kumwaga kwenye kumbukumbu.

Dada zangu na kaka zangu, kabla ya kubishana kuhusu 512, badilisheni aina. Nilipobadili jumla ya kati kutoka biti 32 kwenda 16 (nilihakikisha haifuriki), nilipata faida ambayo swichi za upana hazijawahi kunipa.

#29 MtotoWaShangani

Dada, nazigeuza mwanzoni kabisa kwenda float, picha nzima. Kumbe nikibaki na baiti, ile MB 192 ya PwezaWaFerry inakuwa robo.

#30 BintiNachingwea

MB 48 jumla. Ndiyo maana nimesema.

#31 FundiWaChuno

Hongera dada, hili ni jicho la fundi.

#32 JahaziLaMikindani

Swali kwa wanaojua: picha zangu mimi ni ndogo, nakata mraba unaozunguka korosho moja moja, upana nukta 20 hivi. Kwa hizo 512 ina maana yoyote?

#33 MwalimuNewala

Haina. Float 20 kwa vekta ya 16: mzunguko mmoja, 4 zinabaki, na mabaki mara nyingi yanafanywa moja moja. Kwa vekta ya 8: mizunguko miwili, 4 zinabaki. Kwa vekta ya 4: mizunguko mitano, hakibaki kitu. Yaani upana mdogo kabisa ndio unaokaa sawasawa. GCC za sasa hujaribu kushughulikia mabaki kwa vekta ndogo, na AVX-512 ina vinyago vinavyoweza kumaliza mabaki kwa amri moja, lakini kompaila haivitumii kila mara.

Tatizo kubwa ni kwamba umeandika n. Kompaila haijui n ni 20 au milioni 12. Inakisia, na inakisia kubwa. Kama ni 20 daima, iandike 20 kwenye msimbo. Utaona asembli tofauti kabisa.

#34 KijanaMasasi

Naongezea na restrict, neno la C la kuahidi kwamba pointa hazipishani. Ukiacha kuiandika kwenye pointa, kompaila inahofia c na a zinapishana kwenye kumbukumbu, inaweka ukaguzi kabla ya lupu. Kwa nukta milioni 12 ukaguzi huo hauonekani. Kwa nukta 20 unakula faida yote.

#35 Ming'oko

Na kwenye Raspberry Pi 4 je? Kuna jamaa yangu Lindi anayo.

#36 KusiLaLindi

Huko hakuna kuchagua. NEON, vekta za prosesa zake za ARM, ni biti 128, basi. Hatari yake ni ndogo na raha yake ni ndogo.

Ila ARM wana njia nyingine, SVE, waliyoitangaza 2016. Upana hauandikwi kwenye msimbo. Prosesa inaweza kuwa na biti 128 hadi 2048, na faili lile lile linauliza likiwa linakimbia: hapa tuna upana gani? A64FX ya Fujitsu ina 512, Graviton3 ina 256. RISC-V nao wamekwenda njia ya namna hiyo, toleo la 1.0 la vekta zao liliidhinishwa 2021. Kisa cha JahaziLaMikindani ghalani kwa upande wa upana kisingetokea huko.

#37 FundiWaChuno

Upana kutojulikana nako kuna gharama yake, mkuu. Kompaila inayopanga vipande ndani ya rejista bila kujua viko vingapi inabanwa mkono. Kuna lupu za kupindua mpangilio ambazo upana maalumu bado unazifanya vizuri zaidi.

#38 KusiLaLindi

Kuna, ndiyo. Ni chache.

#39 FundiWaChuno

Si chache kwenye picha.

#40 MtotoWaShangani

Wakuu, nimerudi na vipimo. Umeme ulikatika jana saa mbili usiku ukarudi saa nne, ndiyo maana kimya.

Kwanza, nimeacha kupitisha picha nzima hatua moja moja. Nachukua safu 16 za picha kwa mara moja, a, b na c zake ni KB 768, zinaingia kwenye kashe ya MB 1 ya kori (kiini kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa). Nazifanyia hatua zote nne hapo hapo, ndipo naenda safu 16 zinazofuata. Muda wa picha nzima umeshuka chini ya nusu, na huo ni kwa 256, sijagusa upana.

Pili, nikaweka 512. Ikawa polepole zaidi ya 256! Nikakaa nayo hadi usiku wa manane. Nikachapisha anwani za a, b na c: zote zinaishia na 010, kwa namba za msingi wa 16. Yaani malloc, kazi ya C ya kuomba kumbukumbu, inanipa anwani iliyosogea baiti 16 kutoka mwanzo wa ukurasa. Mstari wa kashe, kipande inachovuta kwa mara moja, ni baiti 64, zmm nayo ni baiti 64. Kwa hiyo kila usomaji wa zmm unakanyaga mistari miwili, kila mmoja bila kuacha. Ymm ni baiti 32, inakanyaga miwili kila mara ya pili tu. Nimeweka aligned_alloc(64, ...) na sasa kori moja peke yake ikifanya kazi, 512 inashinda 256. Kwa kidogo, lakini inashinda kila nikipima.

Tatu, nikawasha kori zote kumi. 256 ikaongoza tena.

#41 FundiWaChuno

Kasi. Kori nyingi zikiwa na kazi nzito ya 512, ngazi zinashuka zaidi. Nilisema tangu #2.

#42 PwezaWaFerry

Au kori kumi zinagombania kijiti kimoja cha RAM. Nilisema tangu #17.

#43 MwalimuNewala

Angalia GHz halisi wakati inakimbia, perf stat inaonyesha mapigo na muda. Ikishuka kwa 512 na kubaki juu kwa 256, ni FundiWaChuno. Zikilingana, ni PwezaWaFerry.

#44 BintiNachingwea

Na kama zote mbili zimeshuka lakini si sawa? Maana na ya 256 nzito inashuka ngazi moja.

#45 KijanaMasasi

Tena jaribu kwenye Ice Lake, kizazi cha baadaye cha Intel, au mpya zaidi kama utapata mtu mwenye nayo. Huko kushuka kwa kasi kumepungua sana. Mimi naona upendeleo huu wa 256 umezaliwa na sifa mbaya ya 2017 na watu wameendelea kuubeba.

#46 FundiWaChuno

Haujabebwa bure. Programu moja hukimbia kwenye mashine nyingi, kompaila ikikosea kwa 512 inaumiza wengi kuliko ikikosea kwa 256.

#47 KijanaMasasi

Ndiyo -march ipo kwa kazi hiyo, kuitaja mashine yenyewe.

#48 MtotoWaShangani

Nimekimbiza perf stat mara tatu. Kwa kori kumi, 512: GHz imeshuka kuliko ya 256, lakini si kwa kiasi kinachotosha kueleza tofauti yote ya muda. Kuna sehemu inabaki haina mwenyewe.

#49 PwezaWaFerry

Hiyo sehemu ni yangu. Tafuta kijiti cha pili cha RAM, hata cha kuazima.

#50 DadaWaMzani

Ninacho kimoja cha DDR4 cha seva kilichotolewa kwenye mashine iliyokufa, GB 16. Jumamosi nashuka Mtwara. Nakuletea Shangani?

#51 MtotoWaShangani

Niletee dada, nitakuwa nyumbani kutwa. Naweka hapa faili za asembli zote mbili, ya 256 na ya 512, ili BintiNachingwea aangalie ile sehemu ya kugeuza baiti kabla sijaibadilisha.

#52 BintiNachingwea

Nimezifungua. Mstari wa 212 kwenye ya 512: kuna vpmovzxbd, amri ya kugeuza baiti kuwa namba za biti 32, inasoma baiti 16 tu. Umekompaili kwa Clang au GCC?